Mradi wa Lugalo: jana nimeongea makumbusho, leo narudi kwenye udongo

Habarini wadau, nilikua kimya wiki tatu hivi, kazi ilinibana na ile meza ya udongo ilikua haijakauka vizuri. Sasa jana Jumamosi nimeshaongea pale makumbusho ya hapa mjini, kwa hiyo nawapa yote kwa mpigo.

Kwa wageni, mradi wenyewe ni huu. Natengeneza mfano wa bonde la Lugalo, kule Iringa, juu ya meza ya mbao, udongo na katani, kuonyesha vita vya Wahehe na Wajerumani vya tarehe 17 Agosti 1891, ila naisimulia kutoka upande wa kikosi cha Wajerumani. Mi ni Mhehe, hadithi ya ushindi nimeisikia tangu nikiwa mgongoni kwa bibi, chifu wetu Mkwawa kafanya hivi, mikuki imefanya vile, na naipenda sana. Lakini hakuna aliyewahi kunambia wale waliokufa upande wa pili walikua akina nani. Wengi tukisikia Lugalo tunawaza hospitali ya jeshi kule Dar, tukikumbuka vita tunasema "tuliwapiga Wajerumani", basi.

Sasa ukihesabu, Wazungu waliokufa ni kama kumi tu. Askari waliokufa ni zaidi ya 200, na hao walikua weusi kama sisi. Baadhi walikua Wasudani ambao Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliwachukua Misri mwaka 1889, wengine vijana wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Mtu katoka Nile, kapandishwa meli, kaletwa pwani, afu kaja kufia Uhehe kwenye majani, na kwao hawajui hata kaburi liko wapi. Hilo ndo limenifanya nianze huu mradi.

Kamanda wao alikua Emil von Zelewski, watu walimwita Nyundo. Watu wa Pangani mnamjua huyu, ndo yule yule wa 1888 aliyeingia msikitini na mbwa wakati kampuni ya Kijerumani inajichukulia mji, na hasira ile ikachangia vita vya Bushiri. Miaka mitatu baadae anatembea Uhehe na hamheshimu adui hata kidogo, bunduki za askari hazina risasi ndani, mizinga na bombomu vimefungwa juu ya punda!

Wiki mbili zilizopita nilipanga njiti za kiberiti, njiti moja mtu mmoja, askari 320 na wapagazi zaidi ya mia, wote mstari mmoja maana njia ilikua nyembamba. Meza ilijaa nikalazimika kuukunja mstari mara tatu. Nikapiga hesabu, kila mtu akichukua mita mbili tu na punda wamo, huo msafara unakaribia kilomita nzima, kwa hiyo wa mbele anachomwa mkuki wa nyuma bado anafikiria kifungua kinywa. Hapo nikaelewa kwa nini saa moja asubuhi Wahehe walipotoka majanini, yote yakaisha kwa dakika chache, wengi hawakuwahi hata kupiga risasi ya pili. Zelewski mwenyewe akafa hapo hapo. Kati ya waliopona yumo luteni Tettenborn, kwa sababu alikua nyuma kabisa, akashika kilima akakusanya waliobaki wakarudi walikotoka.

Jana nilikua na slaidi kumi na nane, umeme ukakatika kwenye ya tatu. Nikawaita watu wote waje kuizunguka meza, na kwa kweli ikawa bora zaidi, watoto wakaanza kuhesabu njiti kwa vidole.

Afu mzee mmoja, nilishamwamkia kamwene pale mlangoni, akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, hao walikuja kutuua. Wewe unawahesabu wa nini?" Ukumbi ukanyamaza. Nikamjibu, babu, nawahesabu ili tujue wazee wetu walimshinda nani, maana waliobeba zile bunduki nao walikua watoto wa watu. Hakusema amekubali. Alisogea mezani, akainama, akaangalia mda mrefu, afu akasema majani yangu mafupi, Mhehe akichuchumaa hapa anaonekana kichwa, weka marefu. Na ana haki, nilikata katani sentimita mbili, kwa kipimo changu inabidi ziwe zaidi ya tatu.

Dada mmoja mwalimu nae akaniuliza wapagazi wako wapi. Nikamwonyesha, akasema hapana, hawa umewafanya sawa na askari, mtu aliyebeba mzigo kichwani bila silaha hakufa kama aliyeshika bunduki. Nimelala na hilo swali. Ni kweli kabisa, hao hawakua na cha kujitetea kabisa, na mi nilikua nimewapaka rangi ile ile ya kaki.

Leo asubuhi nimeng'oa majani yote upande wa kilimani na nimeloweka katani mpya kwenye maji ya majani ya chai ipate rangi ya Agosti, ile ya kukauka. Wapagazi nimewatoa mezani, nakata vipande vidogo vya mti wa mparachichi viwe mizigo, vipo thelathini na kitu mpaka sasa. Gundi imeisha, kesho napita sokoni.