Maasi ya Januari 1964: kutoka Colito hadi Jinja

Huku Mwanza, maasi ya 1964 yakitajwa watu huwaza Dar es Salaam tu. Kumbe moto ule ulifika hadi ng'ambo ya ziwa, Jinja, ndani ya siku tatu.

Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, kambini Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini. Kesho yake Tabora. Tarehe 23 askari wa Jinja wakamshikilia waziri wa Uganda Felix Onama, na tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet, Kenya. Madai yalifanana: mishahara, na Waafrika washike uongozi wa jeshi.

Waasi wa Colito walikwama wapi? Hawakuwa na mpango wa kutawala. Mji ulikuwa mikononi mwao, lakini walipoahidiwa mazungumzo walirudi kambini, wakajirundika sehemu moja. Kijeshi, hilo ni kosa la kitoto. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta za manowari ya Uingereza HMS Centaur ziliwashusha makomando wa kikosi cha 45 Commando jirani na Colito. Roketi ikapiga nyumba ya walinzi, upinzani ukaisha upesi. Jinja nayo ikazingirwa na wanajeshi wa Uingereza waliotoka Kenya.

Nyerere ndiye aliyewaomba Waingereza msaada, na aliona aibu kumwita mkoloni wa jana. Askari wa Nigeria wakapokea zamu ya ulinzi, jeshi jipya, JWTZ, likaundwa Septemba 1964, na walimu wa kijeshi wakaja kutoka Kanada na China pia: kambi mbili za Vita Baridi, jeshi moja.