Siku moja maishani mwangu: kuwinda jeni ndani ya jani la brokoli

Saa 1 asubuhi. Naanzia grinihausi. Miche yote ni kijani ileile, ukiambiwa uchague yenye glukorafanini nyingi (kemikali ya asili ya brokoli) kwa macho tu huwezi, ndo maana kazi yetu ipo.

Saa 2 tunavuna majani na hapa hakuna mchezo. Jani likikatwa linazama kwenye naitrojeni ya kimiminika papo hapo, nyuzi -196, kwa sababu seli zikipasuka kimeng'enya cha mirosinesi kinakutana na glukorafanini kinaivunja inakuwa sulforafani, ambayo ndo watu wanaitafuta kwenye brokoli, lakini sisi tunataka kujua mmea ulikuwa na nini ukiwa mzima. Afu naponda kwa kinu na mchi vilivyogandishwa kabla, jani linakuwa unga laini kabisa, na unga usiyeyuke hata kidogo.

Saa 4 natoa RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, kwenye sehemu ya ule unga. Natafuta MYB28, jeni ninayoipenda kuliko zote jamani! Yenyewe haitengenezi glukorafanini, ni kama nyapara, inaamsha jeni zingine ndo zipige kazi.

Saa 6 chakula, narudi.

Saa 8 sampuli ziko kwenye mashine ya HPLC, inapima kemikali moja moja, we unasubiri tu. Kila nikisubiri nawaza ile brokoli iitwayo Beneforté ya wanasayansi wa Norwich, Uingereza, walichukua brokoli wakaizalisha na ndugu yake wa porini, Brassica villosa wa Sicily, uzalishaji wa kawaida tu wa chavua, wakapata MYB28 ya porini na glukorafanini mara 2 hadi 3 ya kawaida, ikaingia sokoni 2011. Mmea wa porini tu!

Saa 10 kikao. Mwenzangu anasema tuongeze nguvu ya jeni basi, mi nasema na jikoni je? Ukichemsha sana mirosinesi inakufa, glukorafanini inabaki imelala, wanaookoa ni bakteria wa tumboni na wanaokoa kidogo tu. Kata brokoli, iache kama nusu saa ndo uipike, au nyunyizia unga wa haradali ikishaiva, maana haradali nayo ina mirosinesi. Hilo naona liandikwe palepale penye matokeo ya jeni, na nimelisema kwa nguvu.

Saa 11 naandika lebo, unga uliobaki unaingia friza ya nyuzi -80. Miche iliyotoa namba nzuri nimeifunga utepe mwekundu, ikichanua tunaichavusha.