Moyo kuchafuka

Wiki hii, hapa Kampala, tumeanza kulijaribu kwa Kiswahili dodoso la ESAS, fomu ya kupima ukali wa dalili za mgonjwa, kwa wagonjwa wa saratani wasiojua Kiganda wala Kiingereza. Dalili tisa, kila moja inapimwa 0 hadi 10. Tafsiri ilisharudishwa Kiingereza na mtu mwingine, ikalinganishwa na dodoso la asili. Nilidhani maneno yamekaa sawa.

Kisha mama mmoja kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, akanyamaza nilipofika kwenye “kichefuchefu”. Nikarudia taratibu. Akasema, “Mwanangu, hilo silijui. Mimi moyo unanichafuka tu, tangu ile dawa ya Jumatatu.” Angeachiwa karatasi peke yake, pengine angeweka sifuri, na daktari asingejua kwamba anahitaji dawa ya kuzuia kutapika. Iliniuma sana. Neno lake nimeliandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

“Uchovu” na “kusinzia” navyo vinawachanganya. Wengi wanavijibu kama kitu kimoja. Hapo tumeongeza maelezo mafupi: kukosa nguvu, na macho kuwa mazito.

Kesho wanakuja wagonjwa wengine. Atakayesita, nitaweka kalamu chini nimuulize: nyumbani mnaiitaje hali hii?