Lifti ilikufa, nikagoma kulipa sevis chaji

Nina nyumba ghorofa ya tano huku Nyali, Mombasa, na mwaka jana lifti ilikufa ikakaa miezi minne. Mamangu ana magoti, akija kuniona soja anambebea kiti, kila ghorofa anaketi kidogo ndo aendelee. Nikamwendea mwenyekiti wa kamati ya jengo, mzee wa heshima zake, akanambia, "Mwanangu we lipa tu, lifti iko njiani." Hasira zikanipanda nikagoma kutoa ile sevis chaji, pesa ya kutunza jengo, 6,500 ya mwezi, nao hawakuchelewa, jina langu likabandikwa getini na boza la maji likija tangi langu linarukwa. Kwenye grupu la WhatsApp ndo usiseme, voisi za dakika tano watu wanarushiana maneno saa sita usiku.

Hapo ndo nikakaa nikaisoma sheria ya 2020 ya hizi nyumba za kugawana jengo. Kumbe shirika la jengo ni sisi wenye nyumba sote, kamati tumeiweka tu itufanyie kazi! Na ugomvi kama huu una kamati yake ya ndani ya kusuluhisha, usiporidhika unapanda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ila nikakuta na kosa langu, sevis chaji ni deni, wanaweza kukushtaki ulipe, lifti iwe nzima iwe mbovu. (Jengo letu lilikuwa limeshabadilishwa hati likaingia kwenye sheria hii, kama lenu bado liko kwa kampuni ya zamani soma kwanza lisi yako, ule mkataba wako wa nyumba.)

Nikaandika barua, si voisi, barua ya karatasi, mweka hazina akasaini kopi yangu. Niliomba vitu viwili: kikao cha usuluhishi na hesabu za mwaka mzima. Kikao kilichukua wiki tatu kupatikana na siku yenyewe chai ilikuwa baridi, lakini hesabu zikaletwa, na kwenye hesabu nyumba 9 kati ya 24 hazijalipa, fundi wa lifti anadai pesa zake, na mojawapo ya hizo 9 ni ya mweka hazina mwenyewe, ambaye jina lake getini sijawahi kuliona hata siku moja!!

Mwenyekiti akavua miwani akaifuta weee.

Tukakubaliana, deni langu la 26,000 nilipe mara mbili, maji yangu yarudi siku ile ile, karatasi ya getini itolewe, hesabu ziwe zinabandikwa pale pale kila miezi mitatu. Fundi alikuja baada ya siku kumi hivi. Mweka hazina yeye alitoka kwenye grupu usiku ule ule, hata kwaheri hakusema.