Kuandikwa jeshi si kujiandikisha

Juzi juzi saa tano usiku stima imepotea Lanet nzima, hapa Nakuru, mimi niko kwa kitanda napiga hesabu kama bando itanifikisha asubuhi, simu ikaita. Kijana wa dada yangu, yule wa Texas. Kwao ni mchana kwa hivyo yeye hanaga habari ya watu kulala. Hata salamu hakuna. "Anti, nimeharibu kazi."

Wenye mnanijua mnajua niko na saiba hapa karibu na stegi na kazi yangu kubwa si kupiga kopi, ni kujazia watu fomu. KRA, HELB, paspoti, cheti cha tabia njema, bahati nasibu ya green card, zote hupitia kwa meza yangu. Ndio maana familia ikishindwa na fomu, hata kama fomu iko upande ule mwingine wa dunia, inaletwa kwangu.

Huyu kijana alienda Marekani 2012 na viza ya mwanafunzi, akiwa miaka 21. 2014 akaingia jeshi lao kupitia ule mpango ulikuwa unaitwa MAVNI, ulianza 2009 ukafungwa 2016, walikuwa wanachukua watu hawana hata green card bora wawe na lugha jeshi inahitaji, na Kiswahili kilikuwa kwa hiyo orodha, eti yale maneno tunatukaniana nayo kwa matatu yalimpatia mtu uraia. Akatumikia miaka mitano mfululizo, akatoka 2019 na miaka 28. Sasa ameomba kazi ya serikali kuu yao, ofisi gani haituhusu, na wamempatia ile fomu ya kujitangaza inaitwa OF-306. Swali la 7 linauliza kwanza kama wewe ni mwanaume umezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1959. Ukisema ndiyo, linakuuliza umejiandikisha na Selective Service System? Na kama hapana, ueleze ni kwa nini.

Yeye akatiki ndiyo. Wiki mbili baadaye imeli ikaingia, tumetafuta jina lako kwa daftari ya Selective Service hatukulipata, tafadhali eleza.

Nikamuuliza, na ulitiki ndiyo kwa nini? Akaniambia, "Anti, mimi niliandikwa jeshi miaka mitano, nitasemaje sijaandikishwa?"

Hapo ndio nikaketi kwa kitanda vizuri, manake nilijua shida haiko kwa fomu, iko kwa Kiswahili chetu. Huku kwetu mtu akisema ameandikwa anamaanisha amepata kazi. Kijana wa fulani ameandikwa polisi, fulani ameandikwa jeshi, yaani alienda uwanja wa Afraha akapiga foleni, akakimbizwa, akahesabiwa meno, akapimwa futi tano na inchi tatu na kilo 54.55, akapewa barua. Kuandikwa na kuingia ni kitu kimoja. Sasa huyu kijana amesoma swali kwa Kizungu lakini amelijibu na kichwa cha Nakuru.

Selective Service si jeshi. Ni daftari. Marekani haijalazimisha mtu kuingia jeshi tangu 1973, lakini walibakisha daftari ya majina ya vijana wa kiume, ili siku vita kubwa ikizuka wajue watamwita nani. Ford aliisimamisha 1975, Carter akairudisha 1980 baada ya Warusi kuingia Afghanistan, na ndio maana ile fomu inashikilia watu wa 1960 kuja mbele. Mwanaume anafaa kujiandikisha ndani ya siku 30 akifika miaka 18, na mlango unafungwa siku anafika 26. Na si raia peke yao. Mwenye green card, mkimbizi, hata mwenye hana makaratasi, kama ni mwanaume na ako kati ya 18 na 26, anaguswa. Wanawake hawaulizwi, wanatiki kwamba si wanaume wanaendelea na maisha yao.

Kwa hivyo unaweza kuwa ulipigana Iraq na bado jina lako halimo kwa hiyo daftari, na unaweza kuwa kwa hiyo daftari na hujawahi shika hata rungu. Swali la 7 linauliza daftari. Habari ya kutumikia iko swali la 8, huko ndio unaandika uliingia lini, ukatoka lini, na ulitoka namna gani.

Sasa vile mimi hufanya na mtu wa aina hii. Natoa kitabu cha hesabu nachora mstari mmoja, mwanzo naandika 18, mwisho naandika 26. Halafu natia wino kila mahali sheria yao inamwachilia. Miaka alikuwa bado Kenya, tia wino, huwezi kujiandikisha kwa nchi hujafika. Miaka alikuwa huko na viza halali ya mwanafunzi, tia wino, hao hawatakiwi bora wasiharibu viza, kwa sababu siku imeisha na umebaki huko umeingia kwa hesabu kama wengine. Miaka alikuwa jeshini kazi ya kila siku, ile wanaita active duty, tia wino. Mwishowe naangalia kama kuna mahali pamebaki peupe.

Nikamchorea na tochi ya simu. 18 hadi 21, Nakuru. 21 hadi 23, chuo. 23 hadi 28, jeshi. Mstari wote mweusi! Yaani huyu kijana hakuwahi kutakiwa kujiandikisha hata siku moja ya maisha yake. Jibu lake la kweli ni hapana, na hiyo hapana haina doa lolote, na yeye akaikimbia kwa sababu aliona ni kama neno chafu. Hii ndio kitu huniuma na fomu, watu wanaogopa hapana. Mtu anaona boksi la ndiyo anafikiri ndio boksi la watu wazuri.

Mbaya ni kwamba ile fomu unaisaini chini, na imeandikwa kabisa kwamba jibu la uongo linaweza kukunyima kazi, ama ufutwe ukishaingia, ama faini na jela. Hakuna mtu atamfunga kwa kuchanganya maneno mawili, lakini ukiulizwa mara ya pili na unyamaze, hapo sasa wewe ndio umechagua. Nikamwambia aandike leo leo, asingoje. Alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kurasa mbili, ameanza na babu yake, nikamwambia futa hiyo yote. Andika ulikosea kusoma swali, jibu sahihi ni hapana, na sababu ni kwamba ulikuwa Marekani na viza ya mwanafunzi kutoka 2012, ukaingia jeshini 2014 bila kutoka mpaka 2019, wakati ulitoka ulikuwa umepita 26, makaratasi ni haya. Basi. Hakuna mtu kwa hiyo ofisi anataka kujua ulivyoteseka kwa baridi.

Makaratasi yenyewe ni DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, na kopi za ile viza na makaratasi ya chuo. Kama ofisi inataka kitu zaidi, kuna barua unaomba kwa Selective Service wenyewe inaitwa Status Information Letter, inasema ulitakiwa ama hukutakiwa. Na kuhusu DD-214 nilimwambia kitu kimoja, angalia chini ya karatasi upate ile imeandikwa Member 4, manake hiyo ndio inaonyesha ulitoka namna gani, ile Member 1 ni fupi imeachwa hayo. Akaniambia anti hizo zote ni sawa. Haya.

Lakini si wote wako na mstari mweusi kama huyu. Kuna rafiki yake mmoja wa Kisumu alienda na wazazi akiwa mtoto, akafika 18 akiwa huko na green card, mwezi huo huo akaenda jeshi moja kwa moja, akamaliza mkataba akatoka na miaka 22. Huyo ako na peupe, kutoka 22 mpaka 26. Sheria inasema ukitoka kabla ya 26 na jina halimo, una siku 30 za kujiandikisha. Watu wengi wakitoka hawajui, wanafikiri yale maboti walivaa yanatosha. Kama mtu wa hivyo bado hajafika 26 dawa ni rahisi, aingie sss.gov, tovuti ya Selective Service, saa hii ajiandikishe, ni dakika chache na ni bure kabisa, ukiona mtu anakuitisha pesa ya kukuandikishia huyo ni broka kama hawa wetu wa kuuza barua za jeshi, halafu atiki ndiyo na aandike namba amepewa. Kama ameshapita 26, mlango umefungwa, hata ukijaribu inakukataa. Huyo anatiki hapana anaeleza. Na asikate tamaa, kwa sababu sheria yao ya kazi za serikali haimzuii kila mtu hakujiandikisha, inamzuia mwenye alikataa akijua na kwa makusudi. Sasa mtu alivaa magwanda yao miaka minne utasema alikuwa anatoroka nini? DD-214 inamtetea vizuri sana, ila uamuzi ni wa OPM, ofisi yao kuu ya wafanyakazi wa serikali, kwa hivyo maelezo yawe safi.

Wanajeshi wa akiba na wa National Guard, ile jeshi ya majimbo, ndio hujikwaa zaidi. Kwenda mazoezi wikendi moja kwa mwezi hakutii wino kwa mstari wangu. Hao walitakiwa kujiandikisha kama raia wengine, isipokuwa ile miaka waliitwa kazi ya kila siku. Na swali la 8 nalo linasema wazi, kama active duty yako yote ilikuwa ni mafunzo tu ya akiba ama Guard, jibu hapana hata kwa kutumikia. Inauma lakini ndio hivyo imeandikwa.

Na kabla ya hayo yote, hata kabla ya kuchora, mtu aangalie kwanza kama jina limo. Hapo hapo sss.gov kuna mahali unaweka jina la ukoo, namba ya Social Security na tarehe ya kuzaliwa, inakuambia. Kuna watu wako kwa daftari na hawajui, kwa sababu majimbo mengi ukichukua leseni ya gari wanakuandikisha hapo hapo. Huyu wangu hakuangalia. Alitiki kwa imani.

Kuna mwingine lazima niwaambie. Afande mmoja jirani, amestaafu KDF, alishinda green card mwaka juzi, ni mzee wa miaka 52 sasa. Alirudi likizo Desemba akaja saiba na fomu ya kazi ya serikali ya jimbo, manake hata majimbo kadhaa huuliza hii habari ya daftari. Ameketi wima kama ako gwaride. "Madam, hapa kwa veterani niweke tiki, na hapa kwa kujiandikisha niweke tiki, mimi nimetumikia miaka 20." Nikamwambia Afande, hao wanauliza jeshi yao, si yetu. Akaniangalia. Kwamba yeye amelala Somalia kwa matope halafu karani wa huko amwambie si veterani? Nikamwambia Afande ni veterani mbele ya Mungu na mbele ya Lanet yote, lakini kwa hilo boksi si. Miaka 20 ya KDF iende kwa uzoefu wa kazi, ielezwe vizuri, alikuwa fundi wa magari na hiyo inalipa. Na daftari haimhusu, alifika Marekani amepita 26 zamani sana, fomu yake ilikuwa na boksi la tatu la wasiotakiwa, tukaweka hapo. Alilipa shilingi mia mbili hakutaka chenji, lakini alitoka bila kuniaga. Nafikiri bado amenikasirikia.

Turudi kwa kijana. Alituma ile barua fupi usiku ule ule wetu, mimi nikalala, stima ikarudi saa kumi ikaniamsha na taa za dukani nilisahau kuzima. Siku nne kimya. Dada yangu ananipigia kila jioni kama mimi ndio naajiri. Jumatatu meseji ikaingia, wamekubali maelezo, sasa wanaitisha kitu kimoja tu kimebaki.

Member 4.