Kilima cha Brady Street

Anayesema jimbo la Iowa, Marekani, ni tambarare hajapanda Brady Street. Barabara hiyo inaondoka karibu na mto Mississippi, katikati ya Davenport, na kupanda moja kwa moja hadi magoti yaombe msamaha. Huko juu ndiko kilipo Chuo cha Palmer, nilikosomea kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono. D. D. Palmer alikianzisha mwaka 1897, miaka miwili baada ya kumnyoosha mgongo Harvey Lillard, mfagizi mweusi aliyekuwa kiziwi. Eti akasikia tena. Kisa hicho tulisimuliwa hadi tukachoka.

Mimi kilichoniweka macho ni mbio za Bix 7. Kila mwezi wa Julai maelfu ya watu hupanda kilima hichohicho, kilomita kumi na moja na ushee kwenda na kurudi, na mbele kabisa mara nyingi wamo Wakenya. Mwaka wangu wa mwisho chuoni nikajitolea kuwahudumia wanariadha siku moja kabla ya mbio, chini ya usimamizi wa mwalimu wetu, kwenye meza za kukunja.

Akaingia msichana mmoja mwembamba, jaketi limefungwa hadi kidevuni na joto lote lile. Kwa Kiingereza alimwambia mwalimu kwamba mgongo umekaza kidogo kwa sababu ya safari ya ndege. Aliponiona akageuka.

"Dada, wewe ni wa wapi?"

"Nakuru. Lakini Kikalenjin changu kinaishia kwenye salamu."

Akacheka, akalala kifudifudi, akashika juu ya tako la kulia. "Ninyooshe hapa tu. Kesho nikimbie."

Nikaanza kumuuliza kama tunavyoulizana nyumbani, bila haraka: unalala vipi, unakula nini, hedhi inakuja? Usiku maumivu humwamsha. Hedhi ameisahau tangu msimu uanze. Mwalimu hakuwa ameambiwa lolote kati ya hayo. Nilipobonyeza mfupa wa kitako, pale unapokutana na nyonga, alivuta pumzi kupitia meno. Nikamwomba aruke kwa mguu mmoja. Wa kushoto, sawa. Wa kulia aliruka mara moja tu, akadaka ukingo wa meza.

Msuli uliokaza hauumi hivyo. Nilihofia mfupa umeanza kupasuka kwa mazoezi, jambo linalowapata wakimbiaji wa kike wanaokula kidogo na kukimbia sana, na mfupa wa namna hiyo hausukumwi. Nikamweleza mwalimu. Akampima mwenyewe, akatikisa kichwa: hapana kunyoosha, hapana kukimbia, aende akapigwe picha.

Wakala wake alifoka. Tiketi nani atalipa? Msichana naye alilia. Zawadi ile ilikuwa karo ya wadogo zake, na sikuwa na la kumjibu. Nilikaa naye tu, tukanywa chai ya hoteli isiyo na ladha.

Hakukimbia. Baada ya wiki chache alinitumia ujumbe kutoka Iten: ufa umeonekana kwenye picha, ameambiwa apumzike na ale vizuri. Mwisho aliongeza, "Lakini ungeninyoosha kidogo tu, dada."

Nilipohitimu nikaongeza masomo ya tiba ya michezo. Wenzangu waliofungua kliniki za migongo ya watu wa ofisini wananipita mbali kwa kipato, na Jumamosi zao wanalala hadi saa nne.