Kocha, Nipime Tena

Chumba cha kupimia kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya mipira. Ndani kulikuwa na mizani, kibao cha urefu kilichopigiliwa ukutani na boksi la mbao la kukalia, maana kila mchezaji tulimpima urefu mara mbili: amesimama, kisha amekaa. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa kocha msaidizi wa timu ya chini ya miaka 14 katika akademi ya klabu ya kulipwa, na kazi za daftari huangukia wasaidizi.

Nililipenda lile daftari. Miguu ya mtoto hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata, kwa hiyo ukiwa na urefu wa kusimama na wa kukaa, uzito na tarehe ya kuzaliwa, unaweza kukadiria amebakiza muda gani kabla ya ule wakati anaporefuka kwa kasi kuliko wakati wowote. Wavulana wengi hufika hapo karibu na miaka 14, na wengi wao huongeza sentimita 9 au 10 ndani ya mwaka mmoja. Yupo anayefika akiwa na 12, yupo anayesubiri hadi 16. Hawa wote utawakuta timu moja, wanagombea mpira mmoja.

Kikao cha mwisho wa msimu kilikuwa Jumatatu, mwishoni mwa Mei. Wachezaji 24, nafasi 18 za kupanda kwenda chini ya 15. Akademi zote ziko hivyo: kadiri unavyopanda, chini ya 18, timu B, nafasi zinazidi kupungua, na kundi zima linaweza kupita bila kutoa hata mmoja wa kikosi cha kwanza. Majina mengi yalipita haraka. Tulipofika kwa winga wetu wa kushoto pakawa kimya, halafu mmoja wetu akasema, "Mpira anao, mwili hana."

Mtoto yule alikuwa anapokea mpira huku ameshajua nani yuko nyuma yake. Sijui niieleze vipi kwa mtu asiyekaa pembeni ya uwanja kila siku. Alikuwa anageuza shingo mara mbili kabla pasi haijamfikia, na beki mwenye miraba minne alikuwa anabaki ameshika hewa. Lakini akibanwa bega kwa bega alikuwa anaangushwa, kila wiki, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye ripoti.

Alizaliwa Desemba. Mashindano ya vijana ya FIFA hugawa umri kuanzia Januari 1, na ligi yetu ilifuata hivyohivyo, kwa hiyo alikuwa anacheza na wenzake waliomzidi miezi 11. Nilihesabu palepale mezani: kati ya wale 24, waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa 11. Oktoba hadi Desemba, wawili. Nikalisema hilo. Nikaeleza habari za Ubelgiji, walipohamisha tarehe ya kugawa umri kutoka Agosti 1 kwenda Januari 1 mwaka 1997, na watafiti wakakuta timu za vijana zimeanza kujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Nikamtaja Antoine Griezmann, ambaye akademi kadhaa za Ufaransa zilimkataa kwa udogo wa umbo, akaenda kulelewa Real Sociedad akiwa na miaka 14, na mwaka 2018 akanyanyua Kombe la Dunia.

Mkuu wa akademi alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwenye haki, na hadi leo namheshimu. Akauliza, "Vipimo vyake vinasemaje?"

Nikafungua daftari. Novemba, 146.9. Februari, 148.2. Sentimita 1.3 kwa miezi mitatu, mwendo wa mtoto ambaye hajaanza.

"Basi bado sana," akasema. "Hatuwezi kumsubiri miaka miwili." Jina likakatwa.

Kipimo cha Mei kilikuwa kimepangwa wiki ya kikao, lakini baada yake. Aliyeipanga ratiba hiyo ni mimi.

Barua zilitolewa Alhamisi. Baba yake alikuja kuichukua, na kuingia ofisini ilibidi ainamishe kichwa mlangoni. Nilisimama pale namtazama. Kukadiria mtoto atafikia urefu gani ukubwani, kitu cha kwanza unachouliza ni urefu wa baba na mama. Miaka mitatu mtoto alikuwa kwetu na hakuna aliyeuliza.

Jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, alikuja chumba cha kupimia. Macho yalikuwa mekundu ila sauti imetulia.

"Kocha, nipime tena."

Alivua viatu, akavua na soksi, akazipanga chini ya boksi. Akaweka visigino ukutani. Nikamwambia asijinyanyue, akasema, "Sijinyanyui, angalia." Kweli, nyayo zilikuwa zimekaa sakafuni zote. Nikashusha kibao mpaka nywele zikalala. 150.9. Nikamwambia atoke, arudi, nikapima upya. 150.9. Na ilikuwa jioni, saa ambazo mtu huwa amepungua kidogo kuliko asubuhi, wakati vipimo vya nyuma vyote tulivichukua asubuhi.

Sentimita 2.7 kwa miezi mitatu. Alikuwa ameanza. Siku ile tunamkata alikuwa ameshaanza.

Nikachukua daftari nikaenda kwa mkuu, karibu nakimbia. Aliangalia namba kwa muda mrefu, akapitisha kidole kutoka Novemba hadi Mei. "Hii ningeiona Jumatatu," akasema, akanyamaza. Barua zilikuwa zimetoka, na nafasi ya winga alikuwa ameshapewa mtoto aliyekuja kwa majaribio. Nilibishana naye kuliko nilivyowahi kubishana na mkubwa wangu yeyote. Haikusaidia.

Niliporudi, kijana alikuwa amekaa juu ya boksi, ameshavaa viatu. Nadhani alisoma jibu usoni kwangu, kwa sababu hakuuliza.

"Ni nyingi, Kocha? Hizo nilizoongeza?"

"Ni nyingi."

"Niandikie. Nikienda timu nyingine niwaonyeshe."

Nikachana ukurasa wa nyuma wa daftari, nikamwandikia vipimo vyote vitatu na tarehe zake, nikaongeza urefu wa kukaa, nikaweka saini na namba yangu ya simu. Aliisoma yote kwa utulivu. Kisha akaikunja mara nne, akashusha soksi ya kushoto, akaichomeka nyuma ya kikinga ugoko, akapandisha soksi.